Chungu Kilichojaa Mwaka wa Ukame

Jatanpur, karibu na Govardhan
3 Septemba 1987

Bhikam mwanangu,

Radhe Radhe. Barua hii ikukute umeshakula, maana nakujua, ukiwa na njaa husomi, unapitisha macho tu. Mimi nipo. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi za hekalu, lakini nikishafika juu nasahau. Baba yako hajambo, ila kikohozi cha asubuhi hakijamtoka, na ile dawa uliyomletea anaificha chini ya mto akidhani simwoni. Mvua hakuna. Mwezi mzima wa mvua umepita hatujakanyaga tope, na ng'ombe wetu Shyama amekata maziwa tangu Juni. Tumbili waliniibia miwani, wakairudisha kwa ndizi mbili, kioo kimoja kimepasuka. Nikikosea mstari, walaumu tumbili.

Sasa sikia, na ukimaliza kusoma usiiache karatasi hii mezani.

Tangu Shyama akauke, maziwa na samli ya Thakurji, mungu wetu mtoto wa hekaluni, vinatoka kwa Angoori, yule mke wa mchungaji anayekaa mwisho wa kijiji, mwenye ng'ombe wanne wekundu. Maziwa analeta mwenyewe alfajiri, na kwa hayo sina neno. Nagandisha mtindi, nausuka, siagi inapanda nyeupe kama siku zote, na mtoto wetu anapata donge lake la siagi na sukari ya mawe kabla jua halijachoma. Neno langu ni samli. Chungu kimoja kila Jumatatu, kwa ajili ya taa na kupikia chakula chake.

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Thakurji tulipomwogesha kwa vile vitu vitano, maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, samli ilimganda kifuani. Nilimfuta kwa maji ya moto mara tatu, kama mtoto aliyepakwa gundi. Na taa inatoa moshi. Kimwavuli cha fedha kilicho juu ya kichwa chake kimeshika weusi ambao sijauona katika miaka thelathini na moja ya kumhudumia. Nikainusa ile samli. Inanuka mshumaa.

Jiulize mwenyewe. Ng'ombe wa kijiji kizima wamebaki mbavu, lakini chungu cha Angoori kinafika kimejaa hadi shingoni. Kinajaa na nini? Mwanamke yule ananisalimu kwa kuinama mno siku hizi. Mtu asiye na kosa hainami hivyo.

Nimemkabidhi Soran, dereva wa lori la viazi, chupa ndogo ya samli hiyo. Wewe unapima maziwa kiwandani, pima na hii. Usimwandikie baba yako. Ana hasira, atakwenda kumvunjia Angoori vyungu. Jibu kupitia kwa Mwalimu Hariballabh, bahasha uibandike vizuri, maana tarishi wetu ana macho marefu.

Mimi shangazi yako,
Rajvati


Palanpur
19 Septemba 1987

Shangazi yangu mpendwa,

Radhe Radhe, na shikamoo ya miguu yako inayoniuma mimi kuliko inavyokuuma wewe. Huku hatujambo. Mkwe wako Nirmala anakusalimu. Mjukuu wako Ketaki ameota meno mawili na ameanza kutambaa, anashika kila kitu na kukitia mdomoni. Nirmala anasema amefanana na Thakurji wako, mimi nasema amefanana na tumbili wako. Huku pia ukame umetubana. Maziwa yanayofika kiwandani yamepungua karibu nusu, na yanayofika mengi yameongezwa maji.

Chupa nimeipata. Nikuambie nilivyofanya ili usidhani nimebahatisha. Serikali inawalazimisha wenye viwanda vya mafuta mgando ya mimea, haya ya kopo, watie mafuta kidogo ya ufuta ndani yake, kusudi mafuta yale yakichanganywa kwenye samli yajisemee yenyewe. Unayeyusha samli, unatia tindikali na chembe za sukari, unatikisa. Samli safi haibadiliki. Yako iligeuka nyekundu kama unga wa rangi wa sikukuu ya Holi. Nilirudia. Ikawa nyekundu tena.

Kwa hiyo pua yako haikukudanganya. Ila nakuomba kitu kimoja: usimtaje mtu bado. Nenda kwa Angoori wewe mwenyewe, uchote samli kwenye chungu chake kabla hakijabebwa, uniletee hiyo. Na uniambie, chungu kikitoka kwake, kinapita mikononi mwa nani hadi kifike hekaluni?

Halafu, Shangazi, usikose usingizi. Mafuta ni mafuta, taa inawaka. Naamini Mungu ana mengine ya kumkasirisha mwaka huu.

Wako,
Bhikam


Jatanpur
1 Oktoba 1987

Bhikam,

Radhe Radhe. Sijambo. Baba yako hajambo. Mvua bado. Mchanganyie Ketaki dawa ya meno yake kwenye asali, si hiyo ya chupa.

Umeniuliza chungu kinapita mikononi mwa nani. Kinapita mikononi mwa baba yako, mwa nani tena? Anakwenda kukichukua kila Jumatatu, anakileta begani kama alivyokuwa anafanya babu yako. Ulitaka kiletwe na nani, mkuu wa wilaya? Swali lako sikulipenda, nakuambia wazi.

Na lile neno lako kwamba mafuta ni mafuta. Nimelisoma mara mbili nikaona nisikujibu, halafu nikaona nikujibu. Huyu Thakurji wetu angeweza kuzaliwa kwenye jumba akala vya jumbani. Alikwenda kulelewa na wachungaji. Akawaibia siagi kwenye vyungu walivyovining'iniza darini, na wao wakafurahi kuibiwa, maana aliyeibiwa ndiye aliyependwa. Hakuiba dhahabu yao. Siagi ni kazi ya usiku na asubuhi, ni maziwa yaliyosubiriwa na kusukwa mpaka kilicho bora kikapanda juu. Babu yako alikuwa akisema nikiisuka nisiongee na mtu, nimtajie Yeye tu, kwa sababu anachokula ni hicho kilichomo moyoni mwa anayesuka. Sasa mtu akimpa mafuta ya kopo na kumwambia ni samli, amemlisha nini? Amemlisha uongo. Pima na hilo kwenye mashine yako.

Nilikwenda kwa Angoori. Nilijifanya natafuta samadi kavu ya kuwashia. Nilimkuta anayeyusha siagi nje, mtoto wa ng'ombe kafungwa pembeni.

"Karibu, Shangazi. Leo umepotea njia?"

"Magoti yamenileta. Nichotee samli kidogo ya kuyasugua."

Akanichotea bila kuuliza, kijiko kikubwa. Halafu akafunika chungu upesi. Mtu anayefunika chungu upesi hivyo ana anachokificha. Tukaongea mambo mengine ya kawaida, ng'ombe na jua, nikaondoka.

Chupa ya pili nimempa Soran leo. Sikukuu ya Mlima wa Chakula ni siku moja baada ya Diwali, sikukuu ya taa, tarehe ishirini na tatu. Siwezi kumwekea Thakurji mlima wake juu ya samli ninayoitilia shaka. Nijibu kabla ya hapo.

Shangazi


Palanpur
14 Oktoba 1987

Shangazi,

Radhe Radhe. Sote wazima. Ketaki alikuwa na homa, imepoa.

Chupa ya pili ilinifikia imevunjika. Samli yote imelowa kwenye gunia la viazi, hakukuwa na cha kupima. Samahani.

Baba anaendeleaje? Anakula? Unasema kikohozi, lakini hujaniambia kama analala vizuri, na kama bado anakwenda kuzungumza na wenzake jioni. Nadhani kubeba chungu begani katika umri wake ni kazi nzito. Mwambie apumzike, achukue mtu mwingine, au uende wewe na Angoori mkutane katikati. Mwaka huu mngepunguza na chakula cha Mlima, ukame kila mtu anauona. Hakuna atakayewacheka.

Na tafadhali usimwambie Angoori neno lolote siku ya sikukuu. Tafadhali.

Bhikam


Jatanpur
29 Oktoba 1987

Bhikam,

Radhe Radhe. Mimi mzima.

Soran alipita hapa juzi kupakia. Nikamuuliza, "Chupa yangu uliivunjia wapi?" Akashangaa. Akasema alikupa mkononi, nzima, kizibo chake kikiwa na ule uzi mwekundu niliofunga mwenyewe, na wewe ukaishika kwenye mwanga mbele yake ukasema imeganda vizuri. Akaapa kwa macho ya watoto wake. Soran ni mlevi, lakini hana haja ya kunidanganya kuhusu chupa.

Basi nani amekuziba mdomo? Huko kiwandani mmepewa amri msiseme? Au Angoori ana ndugu anayefanya kazi kwenu? Nimefikiria kila njia. Swali langu lilikuwa moja, wewe ukanijibu habari ya kulala na kukohoa kwa baba yako.

Kwa kuwa hukunijibu, nilijijibu mwenyewe. Siku ya Mlima wa Chakula watu walijaa uani. Wali tumeurundika mpaka kifuani, vitafunwa vimepangwa kuuzunguka, kilima cha samadi kimepambwa maua kwa ajili ya mlima mtakatifu wa Govardhan. Angoori akaja na ndoo ya maziwa kichwani na bakuli la mtindi, amevaa nguo yake nzuri ya njano, binti yake nyuma. Nikasimama kwenye ngazi ya tatu.

"Rudi navyo," nikamwambia.

"Nirudi na nini, Shangazi?"

"Na hayo maziwa. Na samli yako pia. Thakurji hali mafuta ya kopo."

Uani watu wote wakageuka kutazama. Hata watoto.

"Nani kasema ya kopo?"

"Imepimwa. Mwana wa kaka yangu anapima maziwa ya wilaya nzima, hawezi kukosea ya kwako."

Akasema neno moja ambalo halina haja ya kuandikwa hapa, akaiweka sawa ndoo yake kichwani, akashuka. Maziwa yalimwagika kidogo kwenye ngazi ya kwanza, mbwa wakayalamba.

Baba yako alikuwa pale, ameshika sinia la taa. Nilidhani atasema kitu, kwa upande wangu au kwa upande wake. Hakusema.

Sasa wachungaji wote wamegoma kutuletea maziwa. Binti yake Angoori alikuwa aolewe Februari, na upande wa mume wametuma mtu kuja kuuliza kama ni kweli mama yake amemdanganya Mungu. Ndivyo wanavyosema huko nje, amemdanganya Mungu. Samli baba yako anaitafuta Mathura mjini.

Taa inawakaje, usiniulize.

Shangazi


Palanpur
11 Novemba 1987

Shangazi,

Radhe Radhe. Leo sina habari za nyumbani za kukuandikia. Wazima.

Chupa haikuvunjika. Soran amesema kweli na mimi nimesema uongo. Niliipima samli ya Angoori siku ileile niliyoipokea. Haikubadilika rangi. Nikairudia kesho yake, nikampa na mwenzangu aipime bila kumwambia ya nani. Ni samli safi ya ng'ombe, nzuri kuliko nyingi zinazopita hapa. Nilitafuta kila sababu. Nilijiambia labda ng'ombe walikula mashudu ya ufuta. Lakini kama ni mashudu, hata hii ya pili ingekuwa nyekundu.

Kwa hiyo samli inatoka kwa Angoori ikiwa safi na inafika hekaluni ikiwa imechanganywa. Njia ile unaijua wewe kuliko mimi, ni mwendo wa nusu saa tu, na nilikuuliza nani anaipita. Siwezi kuandika sentensi inayofuata. Nimeianza mara nne, na karatasi nne nimezichana.

Nilinyamaza nikidhani nikinyamaza hakitatokea kitu. Nilidhani utachoka. Badala yake jina langu limesimama pale kwenye ngazi ya tatu likamfukuza mwanamke asiye na kosa. Nirmala nimemwambia yote, hajaongea nami tangu juzi.

Ukitaka kunilaani, nilaani mimi. Yeye ni mzee.

Bhikam


Palanpur
20 Desemba 1987

Shangazi,

Radhe Radhe. Wiki ya sita hii sijapata mstari kutoka kwako. Nilituma barua nyingine tarehe ishirini na nane Novemba, Mwalimu Hariballabh ananijulisha kwamba zote mbili alikupa mkononi na kwamba ulizipokea ukiwa unasuka maziwa ya kopo la unga, ukazitia chini ya goti, ukaendelea kusuka.

Baba ameniandikia. Mistari miwili. Amesema, "Shangazi yako haongei na mimi. Baridi imeanza." Basi.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Nimeomba likizo, wamenikatalia mpaka Machi. Ketaki anasimama sasa akishika ukuta.

Bhikam


Jatanpur
9 Januari 1988

Bhikam mwanangu,

Radhe Radhe. Baridi ya mwaka huu inauma kuliko ukame. Ukungu unakaa mpaka saa nne, hatuoni hata mti wa mlangoni. Thakurji nimemshonea koti jipya la pamba. Mimi nipo, baba yako yupo. Nakuandikia mchana kweupe, na barua hii ataitia posta yeye mwenyewe, bila bahasha ya Mwalimu. Akitaka kuisoma njiani aisome.

Umeniomba radhi kwa uongo wako. Sina haki ya kukupa radhi kabla sijakuambia wa kwangu.

Ile siku ya Oktoba nilikuandikia kwamba Angoori alifunika chungu upesi. Ni kweli alikifunika. Kulikuwa na nzi. Na kabla ya kukifunika aliniambia hivi: "Shangazi, mtuwie radhi. Ng'ombe wangu wawili wamekauka, tangu Julai natoa nusu chungu tu. Kaka yako nimemwambia, akasema haidhuru." Nikayasikia kwa masikio yangu mawili. Nikarudi nyumbani, Jumatatu ikafika, baba yako akaleta chungu kimejaa hadi shingoni. Nikakitazama. Halafu nikakaa chini nikakuandikia wewe barua, habari ya nzi na ya nusu chungu nikaiacha nje.

Na lile neno ambalo halikuwa na haja ya kuandikwa, Angoori alisema, "Muulize aliyebeba."

Sikutaka kumuuliza. Nilitaka mashine yako inipe jina lingine, jina lolote, nilishike. Ndiyo maana chupa ilipokuwa haijibu nilikasirika kiasi kile. Nilimwita Angoori mwongo mbele ya kijiji huku najua. Sikujua yote, lakini nilijua ya kutosha kunyamaza, na sikunyamaza.

Barua yako ya kwanza ya Novemba niliisoma zizini. Nikaingiza mkono kwenye hori la Shyama, chini ya majani makavu. Nikatoa makopo mawili ya mafuta mgando, moja tupu, moja nusu. Nikayabeba mpaka barazani, nikayaweka mbele ya baba yako alipokuwa anaota jua. Hakushtuka.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Tangu Septemba."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenijibu."

Nikakaa kando yake. Baadaye akaanza kusema, polepole, na kikohozi kikimkata. "Ningewaambia watu nini, Rajvati? Kwamba nyumba yetu imeshindwa kujaza chungu? Vizazi vitatu tumemhudumia. Wale wa mtaa wa kisimani, wanaoitaka zamu yetu ya hekaluni, wanatungoja tuteleze, kila jioni wanakuja kuhesabu taa kwa macho. Nilisema nitajazia wiki moja, mvua itanyesha. Haikunyesha."

"Ungeleta nusu."

"Taa ya nusu? Chakula cha nusu?"

"Taa ya nusu na chakula cha nusu. Mtoto nyumbani maziwa yakipungua unampa kidogo na unamwambia ni kidogo. Humwekei chokaa kwenye kikombe."

"Sikuweka chokaa."

"Banwari," nikamwita kwa jina lake.

Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau tangu siku hiyo. "Nilikuwa namwomba msamaha kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Kwake Yeye nilishazoea kuomba. Kwa Angoori ndiyo siwezi."

Wiki tano hatukuongea. Nilikuwa nampikia, anakula, anaosha sahani yake. Nami nilikuwa napanda kule juu na maziwa ya unga, nayasuka, siagi haipandi. Sikukuandikia kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa ni cha kumfunika yeye au kujifunika mimi. Mwishoni nikamwambia, utasema wewe au nitasema mimi, na nikisema mimi nitasema na yangu.

Alisema mwenyewe, siku ya mwezi mpevu, watu walipokusanyika kwa taa ya asubuhi. Hakuweza kuwageukia. Alisema akiwa amemtazama Thakurji, mgongo kwetu, na kwa kuwa sauti yake ni ndogo siku hizi ikabidi watu wasogee. Akamaliza, nami nikasema yangu ya nzi na ya nusu chungu, nikiwa nimewageukia. Wa mtaa wa kisimani hawakucheka. Ningependa wangecheka.

Baraza la hekalu limetunyang'anya zamu mwaka mzima. Taa na mapishi ni vya mtaa wa kisimani mpaka Diwali ijayo. Siagi ya asubuhi wameniachia, kwa sharti kwamba maziwa yatoke kwa Angoori, kama atakubali. Mzee mmoja wa baraza akaniambia, "Tukikuchagulia mwingine tutakuwa tumekuonea huruma."

Nikaenda juzi alfajiri. Nilibeba bakuli la shaba. Wake wa wachungaji walikuwa wanabandika samadi ukutani ikauke ya kuwashia, wakaacha kazi waone. Angoori hakuinuka. Alikuwa anakamua ng'ombe wake mmoja tu aliyebaki na maziwa, ndama ameshanyonya, amesimama pembeni na povu mdomoni. Nikangoja. Alipomaliza, akaniomba bakuli, akamimina yote yaliyokuwa kwenye ndoo, hata halikujaa. Akanirudishia kwa mikono miwili.

"Onja," akasema.

Wewe umekulia nyumba hii, unajua alichoniomba. Kitu cha Thakurji hakigusi ulimi wa mtu kabla Yeye hajakula. Kikiguswa kimekuwa makombo. Hata chumvi ya chakula chake nimekuwa nikiipima kwa pua tu, miaka yote hii. Na maziwa ya asubuhi ile yalikuwa hayo tu.

"Angoori, haya ni yake," nikasema.

"Najua ni ya nani. Miezi miwili na nusu watu wanasema natia mafuta. Wakwe wa binti yangu wamesema. Onja, halafu uwaambie hawa ni nini."

"Leo hatakula."

"Basi leo hatakula. Utamweleza kwa nini."

Nikanywa. Sikuonja, nilikunywa mpaka mwisho, nimesimama, yakiwa bado na joto la ng'ombe. Yakanimwagikia shingoni.

"Ni maziwa," nikasema.

"Kwa sauti, Shangazi. Kule ukutani hawajasikia."

"Ni maziwa. Hayana kitu. Hayakuwahi kuwa na kitu."

Angoori akachukua bakuli, akalisuuza, akalifuta kwa ncha ya nguo yake, akanipa. Hakunikaribisha kukaa. Akasema tu, "Kesho uje mapema kidogo, ndama akishashiba," akarudi kwa ng'ombe wake.

Nikapanda hekaluni na bakuli tupu. Nikaweka maji na majani ya mrihani mbele yake, na waliokuja kusubiri siagi nikawaambia hakuna na kwa nini hakuna. Wengine waliondoka. Mimi nilikaa naye mpaka saa sita nikiwa na ladha ya chakula chake mdomoni, sikujua niombe nini, kwa hiyo sikuomba.

Jana na leo Thakurji amekula. Donge ni dogo, kama ukucha wa kidole gumba.

Watu wa upande wa mume wa binti wa Angoori bado hawajatoa jibu. Nimewaandikia na wao, barua ndefu kuliko hii. Wewe waandikie pia, kwa karatasi ya kiwandani yenye muhuri, useme ulichokiona kwenye chupa ya pili na siku uliyokiona. Utie jina lako kamili. Usiandike kwa ajili yangu.

Machi njoo kwa Holi, uje na Nirmala na mtoto. Baba yako hatakualika, bado anaona haya. Lakini wiki hii amefagia chumba chako mara mbili.

Shangazi yako,
Rajvati